Mwanga, dhahabu na maji ya ziwa: maswali yenu

*Mwanangu anasoma biolojia. Anasema siku hizi maji yanamulikwa tu na bakteria anajulikana. Ni kweli? (Mama wa Kyeshero, Goma)*

Ni kweli, mama. Leza, yaani mwanga mkali wa rangi moja, ikimulika kitu, karibu mwanga wote hurudi na rangi ile ile. Sehemu ndogo mno, kama moja katika milioni kumi, hurudi imebadilika kidogo kulingana na molekuli iliyokutana nayo. C. V. Raman wa India aliligundua hilo mwaka 1928. Mwili wa bakteria wa kipindupindu haukujengwa sawa na wa E. koli, bakteria wa utumbo, basi mashine ikichora mwanga uliobadilika, kila mmoja hutoa mistari yake. Ila mistari hiyo ni hafifu sana. Ndiyo maana bakteria huzungushiwa chembe za dhahabu au fedha, ndogo kumshinda mara hamsini hivi. Mwanga hujikusanya katika nafasi kati ya chembe na chembe, na ishara hupanda mara milioni, hata zaidi.

*Dhahabu hii hii ya kwetu? (Kijana wa Kadutu, Bukavu)*

Hii hii, ndugu yangu, ila haisagwi. Chumvi ya dhahabu huyeyushwa katika maji, ikachemshwa, ikatiwa sitreti, chumvi ya asidi ya limau. Mara ya kwanza kuyaona maji hayo nilisimama nikayatazama tu: manjano hafifu yakafifia, yakawa meusimeusi, halafu yakaiva wekundu wa divai. Ukitia chumvi ya jikoni yanageuka buluu, maana chembe zimeshikana. Na umeshaiona dhahabu hiyo: ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha malaria, mara nyingi ndiyo.

*Sisi tunaotesha choo cha mgonjwa na kungoja siku mbili. Kwa nini mashine hiyo hatuna? (Muuguzi, Goma)*

Naijua kungoja huko, dada: sahani ya kijani ya kuoteshea bakteria, na asubuhi vidoa vya manjano vya kipindupindu. Mwanga unaweza kujibu kwa dakika au saa chache, lakini katika maji safi ya labo. Maji ya ziwa yana tope na mwani, navyo hujibandika kwenye dhahabu vikaleta mistari yao. Tena kila chungu cha chembe hutoka tofauti kidogo, majibu yakayumba. Na bila kumuotesha bakteria, utajuaje dawa ipi bado inamuua? Mimi naitamani mashine hiyo kando ya sahani yako, isiiondoe. Mji huu wa Goma mwaka 1994 ulizika makumi ya maelfu ya wakimbizi kwa kipindupindu na kuhara damu. Saa moja tunayookoa si kitu kidogo. Ila mgonjwa asingoje labo yoyote: mpe maji ya chumvi na sukari mara moja.

*Kwa sasa nichote maji Kituku, ufukweni mwa Ziwa Kivu, au niache? (Baba wa watoto wanne)*

Chota, papa, lakini bidoni isipande chukudu, kigari chetu cha mbao, kabla ya kutiwa klorini pale ufukweni. Kisha ngoja dakika 30 ndipo watoto wanywe. Maji yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa kwanza.