Jibu: Kickstart My Heart ni wimbo wa pikipiki?

Mkuu, umeuliza kama "Kickstart My Heart" ya Mötley Crüe, bendi ya roki ya Marekani, inahusu pikipiki tu. Sikulaumu, maana gitaa la Mick Mars, mpiga gitaa wao, pale mwanzo linanguruma kama pikipiki inayopandishwa gia moja baada ya nyingine. Ila kinachopigwa kiki humo ni moyo wenyewe.

Desemba 23, 1987, huko Los Angeles, mpiga besi wao Nikki Sixx alizidisha heroini akazimika. Kwa simulizi yake, alishahesabiwa maiti, ndipo mhudumu wa ambulensi akamchoma adrenalini, akarudi. Mtu mwingine angetunga wimbo wa toba. Yeye kaandika wa kushangilia kasi na kula bata!

Ulitoka 1989 kwenye albamu ya Dr. Feelgood, waliyorekodi Vancouver na prodyuza Bob Rock. Na hapa ndipo huwa nacheka: walipoirekodi walikuwa wameacha ulevi na unga. Labda ndiyo maana wamepiga kwa usafi namna ile.

Kama pikipiki ndiyo unazozitaka, sikiliza wimbo wao "Girls, Girls, Girls" wa 1987. Mle zinanguruma za kweli.