Kabla hujaiandikia bendi nota, muulize mpigaji amefundishwa wapi

Siku ya kwanza nilipopeleka nota zilizochapwa kwenye mazoezi ya bendi yetu, Ngamiani hapa Tanga, nilikuwa nimezikalia usiku tatu mfululizo. Kila mpigaji alipata karatasi yake, safi, jina la ala limekaa juu kushoto. Nikahesabu hadi nne. Saksafoni mbili zikaingia pamoja, tamu kabisa, na tarumbeta ikaingia toni nzima juu yao. Tukasimama, tukaanza upya, yakawa yale yale. Kijana wa tarumbeta akaanza kutokwa jasho, maana sote tulikuwa tunamtazama yeye.

Mzee wetu wa saksafoni ya teno akaichukua ile karatasi, akaisogeza karibu na taa, akamwambia kijana apige sauti ya kwanza peke yake. Kisha akavua miwani, akanigeukia. "Mwanangu, huyu anasoma vizuri tu. Karatasi yako ndiyo haikumuuliza amefundishwa wapi."

Karibu kila ninachotaka kukushauri kimetoka kwenye neno hilo la mzee.

Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati (flati ni sauti iliyoshushwa nusu toni, shapu ni iliyopandishwa). Mpigaji akisoma C, inayosikika ni B flati. Ndiyo maana programu ya nota humwandikia toni nzima juu, ili akisoma atoke sawa na wenzake. Saksafoni ya teno nayo ni ya B flati, ila huongezewa oktava nzima juu ya hiyo toni. Alto ni ya E flati: wimbo ukiwa Do ni G, yeye kwenye karatasi yake anaona Do ni E. Kompyuta inayafanya haya yote yenyewe, bila kukosea. Lakini kijana wetu alijifunzia matarumbeta ya kanisa la Kilutheri huko Lushoto, kwa mtindo ule wa Walutheri wa Ujerumani, ambao mpigaji husoma sauti kama inavyosikika. Kwake B flati ya kwenye karatasi ni B flati ya masikioni. Mimi nilimpa nota iliyokwisha kupandishwa, akaipiga kama alivyoiona. Dawa yake ilichukua dakika moja: nikaenda kwenye sifa za ala yake ndani ya programu, nikaondoa ile toni, nikachapa karatasi nyingine. Tangu siku hiyo hajakosea kuingia.

Kwa hiyo anza na watu. Kaa na kila mmoja, hata kwa chai, umuulize anasoma nini. Kwenye bendi yetu ya watu tisa nilikuta wasomaji wa aina nne. Mzee alipitia bendi ya jeshi, anasoma nota za mistari mitano akiwa nusu usingizini. Waimbaji wawili wametoka kwaya, wao ni solfa, zile do, re, mi. Mpiga besi na mpiga rithimu wanataka herufi tu, G, C, D saba. Mpiga solo hasomi chochote, na ndiye mwenye sikio kali kuliko sisi sote. Ukimpa kila mmoja kurasa nne za mistari mitano eti kwa sababu programu imezitoa, umewapa watu kazi ya kutafsiri wakati walitakiwa kupiga muziki.

Kwa waimbaji ninafanya hivi: chini ya nota naandika solfa kana kwamba ni maneno ya wimbo, d, r, m, mstari wa kwanza, halafu maneno yenyewe mstari wa pili. Programu haijali, kwake yote ni silabi. Wapiga gitaa nawapa vipimo vitupu (sisi kwenye bendi tunasema baa) na herufi za chodi juu yake, pamoja na mahali pa kusimama. Mpiga solo namtumia sauti iliyotolewa na programu kwenye simu yake, mwendo umepunguzwa, anasikiliza akiwa kwenye daladala.

Kuhusu programu yenyewe sina mengi. Ninatumia MuseScore, ni ya bure na huria, na toleo la 3 linakwenda vizuri kwenye laptopu yangu ya zamani. La 4, lililotoka mwisho wa 2022, lina sauti nzuri zaidi lakini linataka kompyuta yenye nguvu. Walimu wengi wa kwaya ninaowafahamu walizoea Finale, na mnamo Agosti 2024 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza, MakeMusic, ilitangaza kuisitisha baada ya miaka zaidi ya 35. Kama una kazi zako humo, zifungue sasa hivi wakati kompyuta yako bado inaikubali, uzihifadhi zote kwa mfumo wa MusicXML, ambao programu nyingine zinausoma. Nasema kwa msisitizo kwa sababu nimemwona rafiki yangu mwenye nyimbo za miaka mingi akitazama mafaili yasiyofunguka, na hakuna la kumwambia mtu katika hali hiyo.

Sasa kii, yaani sauti ambayo ndiyo Do ya wimbo, maana hapa ndipo wengi tunawatesa wapulizaji bila kujua. Wapiga gitaa wanapenda E. Inakaa vizuri mkononi, nyuzi za wazi zinaitika. Sasa badilisha E hiyo kwa alto: inakuwa C shapu, yenye shapu 7. Hata ukiiambia programu iandike kwa flati, anapata D flati, flati 5. Teno na tarumbeta wanapata F shapu, shapu 6. Mtu mwenye mazoezi anaweza, lakini wewe unampigisha arusi saa sita za usiku, taa za rangi zinazunguka usoni. Panda nusu toni tu uende F, uone: alto anapata D, shapu 2, na teno na tarumbeta wanapata G, shapu 1. Muulize mwimbaji kama nusu toni inamuumiza. Mara nyingi haimuumizi. Wa gitaa atalalamika siku ya kwanza, siku ya pili amezoea. Mimi siku hizi kabla ya kuandika hata nota moja naandika kii nne pembeni ya daftari: ya mwimbaji, ya gitaa, ya alto, ya teno.

Jambo la pili la kuchagua mapema ni mapigo. Programu ukiifungua inakupa nne kwa nne. Ukiwa unaandika chakacha, au wimbo wowote wa pwani unaotembea kwa sita, badilisha hapo hapo uweke sita kwa nane. Ukiuacha kwenye nne utalazimika kuweka alama ya tatu juu ya kila kikundi cha nota, na ukurasa utajaa namba 3 kama upele. Mpigaji aliyekulia na ngoma hii, ambaye miguu yake inaijua tangu utotoni, akiona karatasi ile anajikwaa.

Na sebene usiiandike. Nimejaribu, nikasikiliza mpiga solo wetu kwa wiki nzima nikinakili kila mdonoo, na siku ya onyesho akapiga kingine kabisa, kizuri zaidi. Mji huu umetoa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, magitaa yanajua kazi yake. Ninachoandika ni mlango wa kuingilia, mlango wa kutokea, na ule mpulizo wa baa nne wa saksafoni na tarumbeta, nikiufungia alama za marudio na maneno "rudia hadi ishara". Kila sehemu ya wimbo naipa herufi kubwa ndani ya kisanduku, A, B, C. Kiongozi akinyoosha vidole vitatu, watu wote wanajua tunakwenda C, hata kama wako katikati ya ukurasa.

Kuna kitu kimoja ambacho kompyuta haitakuonyesha kamwe, nacho ni pumzi. Ukibonyeza kusikiliza, saksafoni ya ndani ya kompyuta inapiga baa kumi na mbili bila kukata, na wewe unafurahi. Nota iliyozidi uwezo wa ala inageuka nyekundu, hilo angalau programu inakusaidia, lakini mstari mrefu usio na mahali pa kupumua unabaki mweusi na mzuri machoni. Uimbe mwenyewe kwa mdomo, umesimama, kwa mwendo halisi. Ukiishiwa pumzi, na mzee wa miaka sitini na kitu ataishiwa.

Kuhusu karatasi: ongeza ukubwa. Urefu wa mistari mitano kwa kawaida ni kama milimita 7, mimi naupandisha hadi 8, na baa nne kila mstari inapowezekana, ili jicho likitoka kwa kiongozi lirudi mahali pake. Vipimo vya kukaa kimya vikusanywe kuwa kimoja chenye namba juu yake. Programu ina amri ya kufanya hivyo. Ukurasa ugeuzwe mahali ambapo mkono uko huru, si katikati ya mpulizo. Wimbo ukitoshea kurasa mbili zinazotazamana, ni bora zaidi. Tulipopiga Raskazone wakati wa kusi, ufukweni, upepo ulibeba karatasi ya alto ikaenda majini wimbo ukiwa katikati. Sasa tunabandika nota kwenye kadi ngumu kutoka steshenari, na kila stendi ina vibanio viwili vya nguo. Faili zote ninazo kwenye flashi na kwenye simu, kwa PDF, maana umeme hauchagui siku.

Kila mpigaji apewe penseli, si kalamu ya wino. Baada ya kila shughuli nazikusanya karatasi zote, narudi nazo nyumbani, nazipitia moja moja nikiwa mbele ya kompyuta. Waliyoyaandika wapigaji nayahamishia kwenye faili. Wiki iliyopita kwenye karatasi ya mzee, herufi B, baa ya sita, nilikuta ameikata nota ya mwisho kwa mstari mwembamba, akachora alama ya mkato juu yake na neno moja kwa mwandiko ule wa shule za zamani: "pumua". Nikaifuta ile nota kwake, nikaifuta kwa alto vilevile, nikachapa upya.