Mwaka mmoja wa kutibiwa damu kwa mwanga: mambo niliyojifunza kitini

Nilipoambiwa naanza fotoferesisi, yaani hiyo tiba ya kumulika seli za damu, niliuliza maswali mawili tu, inauma? na nitaona nafuu lini? La kwanza nikajibiwa hapo hapo, ni sindano tu. La pili nesi akacheka kidogo akasema, "we njoo tu." Nilikasirika kwa kweli, ila sasa hivi ningekujibu hivyo hivyo.

Kwa asiyejua, mi nilikuwa na saratani, nikapandikizwa seli shina (seli mama zinazotengeneza damu) za dada yangu. Zikashika vizuri, saratani ikaondoka, tukashangilia, halafu miezi kama minane mbele zile seli za dada zikaanza kuuona mwili wangu ndo mgeni na kuushambulia. Hiyo ndo GVHD, ugonjwa wa seli za mtoaji kumshambulia aliyepandikizwa. Macho yakakauka, mdomo vidonda, ngozi ya mikono ikakakamaa hadi nikawa siwezi kukunja ngumi wala kufunga vifungo vya shati, nafungiwa kama mtoto. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, ilisaidia, lakini kila dozi ikishushwa yote yanarudi, na ikipandishwa uso unavimba na usiku silali.

Mwanzo nilidhani wanakusafisha damu kama dayalisisi. Hapana. Damu inatoka kidogo kidogo, mashine inaizungusha kwa kasi hadi seli nyeupe zinajitenga, hizo zinachanganywa na dawa inaitwa methoksaleni, zinamulikwa mwanga wa UVA (aina ya mionzi isiyoonekana, kama iliyomo kwenye jua), halafu unarudishiwa zote pamoja na damu yako iliyobaki. Kwangu ni kama saa tatu kila nikikaa. Seli zilizomulikwa zinakufa taratibu ukiwa ushazirudisha mwilini, na seli nyingine za kinga zikizimeza ni kama zinapata somo la kutulia. Zinazoguswa ni sehemu ndogo tu ya seli nyeupe zote, kwa hiyo kinga haishuki kama inavyoshuka kwa steroidi, na hapo ndo nilipoipendea hii tiba. Si kitu cha majaribio ya juzi pia, Richard Edelson na wenzake wa Yale waliianza kwa saratani ya ngozi inayotokana na seli T (aina ya seli nyeupe) na Marekani ikairuhusu kwa ugonjwa huo mwaka 1988.

Haya, ushauri. Kunywa maji ya kutosha kuanzia jana yake, mishipa ikiwa mikavu nesi atahangaika na we utahangaika zaidi (mishipa yangu iliharibika kwa kemo, zile dawa za saratani, nikawekewa mpira wa kifuani wa kupitishia damu, usiogope ukiambiwa hivyo, ila ulinde usiingie uchafu). Na usile mafuta kabla! Mi siku moja nilijifanya mjuaji nikala vya kukaanga asubuhi, plazma, yale maji ya damu, ikatoka nyeupe kama maziwa, mashine inasoma tabaka za damu kwa mwanga sasa ikawa haioni kitu, kengele inalia, tukaahirisha. Siku nzima imepotea kwa tamaa yangu mwenyewe. Nenda chooni kabla hujaunganishwa, vaa nguo nzito maana damu inarudi imepoa unaweza kutetemeka, na ukisikia midomo inachonyota au kichwa chepesi sema hapo hapo, usijikaze.

Jua sasa. Kwa saa 24 baada ya kutoka, ngozi na macho yako yanaungua upesi sababu ile dawa bado imo mwilini. Miwani inayozuia UVA na inayofunika hadi pembeni, nguo ya mikono mirefu, kofia. Na usijidanganye kuwa uko ndani au kwenye gari, UVA inapita kwenye kioo cha dirisha. Waambie pia dawa zako zote, kuna antibayotiki kama doksisaiklini nazo zinafanya ngozi iungue kirahisi. Na kama uliwahi kutolewa lenzi ya jicho, au una mimba, sema mapema kabisa, kabla ya siku ya kwanza.

Kinachokatisha watu tamaa ni mwendo wake. Nilikuwa naenda siku mbili mfululizo kila wiki, baadaye kila wiki mbili, na miezi miwili ya kwanza sikuona kitu, nikawa nataka kuacha. Kilichoniokoa ni daftari. Kila Jumapili napiga picha mikono, pale pale, mwanga ule ule, naandika dozi ya prednisoloni na ngumi imefunga kiasi gani. Ukijiangalia kila siku huoni tofauti, ila nilipoweka picha ya wiki ya 3 pembeni ya ya wiki ya 14, dah, ngozi ya juu ya vidole ilikuwa imeanza kuwa na mikunjo tena! Sijawahi kufurahia mikunjo namna ile. Daktari akaanza kushusha dozi taratibu (yeye, sio mi, tafadhali usijishushie mwenyewe) na safari hii haikurudi.

Macho bado makavu, natembea na matone mfukoni. Shati nafunga mwenyewe isipokuwa kile kifungo cha shingoni, hicho bado naitia dada.