Mnaoanza bendi, ongeeni hela kabla haijaja

Nimepiga besi kwenye bendi ya pop mbadala miaka tisa, tukatoa albamu mbili, tukasambaratika, na kitu natamani mtu angenikalisha chini anieleze siku ya kwanza sio jinsi ya kupata lebo (kampuni ya kurekodi na kuuza muziki), ni nani anamiliki nini. Mkiwa wanne mnaopendana mnaona aibu kutaja asilimia, inaonekana kama unawashuku wenzako, basi mnasema tutaongea mbele ya safari.

Angalieni bendi ya The Smiths ya Manchester, Uingereza. Walianza 1982, wakavunjika 1987, albamu nne tu za studio, lakini 1996 walikuwa mahakamani. Mpiga dramu Mike Joyce alikuwa anapata 10% ya hela za rekodi na shoo, mwimbaji Morrissey na mpiga gita Johnny Marr 40% kila mmoja, na hamna makubaliano ya maandishi. Jaji akasema Joyce ni mbia sawa na wenzake, apewe 25%, maana sheria ya ubia ya Uingereza, ya tangu 1890, inasema msipokubaliana vinginevyo faida ni sawa kwa sawa. Andy Rourke wa besi alikuwa keshamalizana nao mapema kwa hela ya mkupuo akabaki na 10% yake. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Sasa wengi hapa wanachanganya, kesi ile haikuhusu utunzi. Wimbo mmoja una mali mbili: kuna utunzi wenyewe, yaani melodi na mashairi, na kuna ile rekodi mliyoifanya studio. Mtunzi anaendelea kula mirabaha, yaani malipo ya wimbo wake kutumika, hata wimbo ukirudiwa na msanii mwingine kabisa, wewe uliyepiga tu kwenye rekodi hiyo hupati kitu. Kwetu mimi ndo nilileta laini ya besi ambayo watu walikuwa wanaiimba kwa mdomo kwenye shoo, jina langu halikuandikwa kwenye utunzi, sikuuliza, na nilipokuja kuuliza ikawa ugomvi.

R.E.M., bendi ya Marekani, walifanya tofauti, nyimbo zao walizotunga waliandika majina ya wote wanne bila kujali nani kaleta nini. Walianza 1980, albamu kamili ya kwanza 1983, wimbo wao Losing My Religion ukawapeleka dunia nzima 1991, yaani miaka 11, na mimi naamini walivumilia hivyo kwa sababu hakuna aliyekuwa anapigania wimbo wake utoke ili alipwe yeye. Mpiga dramu Bill Berry akaondoka 1997, watatu wakaendelea, 2011 wakafunga kwa amani. Sisemi lazima mgawane sawa, kama mmoja anatunga kila kitu peke yake ni haki yake, ila isemwe mapema na wote waridhike.

Pia ile hela ya mwanzo lebo inayowapa sio zawadi, inakatwa kwenye mgao wenu wa mauzo mpaka irudi yote. Meneja muulizeni asilimia yake inatoka kabla au baada ya gharama za shoo. Na jina la bendi, andikeni nani anabaki nalo mkiachana.

Kila wimbo mpya ukikamilika mazoezini, rekodini kwa simu, andikeni tarehe, majina na asilimia usiku huohuo kabla hamjatawanyika, wakati kila mtu bado anakumbuka kiitikio kilitoka kwa nani.