Likizo ya Ng'ambo na Marafiki: Pasipoti Yako si ya Mwenzako

Kila inapokaribia likizo ya Pasaka, wazazi wa Mombasa na watoto wao walioko vyuoni ng'ambo huniandikia kwa wingi, na wengi huuliza jambo lile lile: je, mwanafunzi Mkenya anaweza kuandamana na wenzake wa chuoni kutembea nchi tatu au nne bila kukwama mpakani? Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Kanuni za viza hubadilika, kwa hivyo kila tarakimu mtakayoisoma hapa ithibitisheni katika tovuti ya ubalozi unaohusika kabla ya kulipa chochote.

Ninasoma Leeds kwa viza ya mwanafunzi. Wenzangu watatu, Mwingereza, Mhispania na Mmalaysia, wamepanga twende Paris, Brussels na Amsterdam kwa siku kumi, na hoteli wameshalipia. Viza yangu ya Uingereza si inatosha? (Mwanafunzi, mwenyeji wa Tudor)

Haitoshi. Swali hili nimelijibu mara nyingi katika safu hii, na bado linakuja kila mwaka kutoka kwa vijana walio na simu mkononi na intaneti usiku kucha. Uingereza haimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya wageni, na haikuwamo hata ilipokuwa katika Umoja wa Ulaya. Mwingereza huingia Ufaransa bila viza, akaruhusiwa kukaa siku 90 katika kila siku 180. Mmalaysia naye ni hivyo hivyo. Mhispania yuko kwao. Katika wanne nyinyi, ni wewe peke yako unayehitaji viza ya Schengen, na kibali chako cha Uingereza hakikuondolei sharti hilo.

Huna haja ya kurudi Nairobi kuiomba, kwa kuwa unaishi Uingereza kihalali. Utaomba huko huko, kwa nchi ambayo utakaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Ombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipungue siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kurefushwa hadi siku 45. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na ukinyimwa viza hurudishiwi. Utahitaji bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, na pasipoti ambayo haijatimiza miaka kumi tangu itolewe na itakayobaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku unayopanga kutoka Schengen. Kinachowaangusha wengi ni miadi ya kupeleka ombi, kwa sababu karibu na Pasaka nafasi hujaa mapema. Wenzako wanaweza kuamua Jumatano na kupanda ndege Ijumaa. Wewe huwezi, na hilo si kosa lako wala lao.

Usidhani pia kwamba utajaribu bahati yako kwa afisa wa uhamiaji mjini Paris. Hutamfikia. Shirika la ndege linalomsafirisha abiria asiye na hati hutozwa faini na kulazimika kumrudisha alikotoka, ndiyo maana mfanyakazi wa kaunta atakuzuia pale pale unapokabidhi begi, na wenzako watakuacha umesimama kando ya foleni, kwa kuwa ndege haiwasubiri. Nimepokea barua za vijana waliofikwa na hayo, na karibu zote zina chanzo kimoja: kijana aliona haya kuwaambia rafiki zake kwamba pasipoti yake haifungui milango ile ile inayofunguliwa na zao. Haya hiyo iondoe. Siku ya kwanza safari inapotajwa, sema waziwazi: «Mimi nahitaji viza, na itachukua wiki kadhaa.» Rafiki wa kweli atasogeza tarehe au kuchagua Edinburgh, iliyo humo humo Uingereza, badala ya Paris, na asiyekuwa tayari kufanya hivyo ni bora umjue kabla hujalipa.

Nitaongeza jambo ambalo hukuuliza. Msije mkaingia basi la kutoka Belfast kwenda Dublin kwa sababu tu njiani hakuna kizuizi. Belfast ni Uingereza, Dublin ni Ireland, na Mkenya huhitaji viza ya Ireland hata kama kibali chake cha Uingereza kingali hai. Kutokuwepo kwa afisa barabarani si ruhusa ya kuvuka.

Naweza kusafiri nikiwa na picha ya pasipoti kwenye simu? (Mwanafunzi, Warsaw)

Hapana.

Binti yangu yuko mwaka wa pili Munich. Anataka kwenda Austria na Italia kwa treni na wasichana wenzake wanne. Nimesikia kwamba anaweza kukamatwa mpakani. Je, nimkataze? (Mama, Kibokoni)

Mama, usimkataze kwa sababu ya mpaka. Mwenye kibali cha kukaa cha Ujerumani kilicho hai, pamoja na pasipoti yake, anaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, na Austria na Italia zimo, hata Uswisi, ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya. Lakini tangu Septemba 2024 Ujerumani imekuwa ikikagua mipaka yake yote ya nchi kavu, na askari huingia ndani ya treni inayotoka Salzburg wakauliza hati. Kadi ya kibali bila pasipoti haitoshi, wala pasipoti bila kadi. Abebe zote mbili mwilini, katika mfuko wa ndani, na zisiwekwe kwenye begi linalopandishwa juu ya viti.

Kinachonihangaisha zaidi katika barua yako ni pale uliposema kwamba atatoa nauli katika akaunti aliyofunguliwa kwa ajili ya viza. Akaunti ile ya amana, ambayo tangu Septemba 2024 imewekewa kiwango cha yuro 11,904 kwa mwaka, humruhusu kutoa yuro 992 tu kwa mwezi, na hizo ni pango, chakula na bima ya afya. Mwanafunzi akitumia fedha za Aprili kulala Venice, mwezi wa Mei atapiga simu nyumbani, nanyi mtakopa. Ikiwa ana kazi ya saa chache, na asafiri kwa jasho lake. Ikiwa hana, basi muafikiane mapema kiasi mnachoweza kumtumia na kisizidi hapo.

Kwa yaliyobaki, mwana wa kike akiandamana na wasichana anaojulikana, kwa treni ya mchana, na akalala katika chumba cha wanawake, mimi sioni sababu ya kumzuia. Suala la mahramu, yaani jamaa wa kiume wa kumsindikiza mwanamke, katika safari, kwa kuwa umeligusa, ni la shekhe wako, na mimi si mtu wa kulitolea fatwa.

Nilijua kwamba mwanangu amekwenda kuteleza kwenye theluji Ufaransa nilipoona picha alizoweka mpwa wangu. Mimi nilidhani yuko chumbani akisoma. Nimemfungia simu hadi aombe radhi. Nimekosea? (Baba, Kisauni)

Hasira yako naielewa, lakini kumfungia simu ni kosa, tena kosa la hatari. Kijana aliye peke yake kwenye mlima wa barafu, ambako mtu huvunjika mguu kwa kuteleza mara moja, ndiye hasa anayepaswa kuwa na nambari ya baba yake ikiita. Kwa barua ninazopokea, watoto wetu hawafichi safari kwa sababu ya ubaya wa safari. Huficha kwa sababu wanajua jibu litakalotolewa kabla hawajamaliza kusema. Ukimzoeza kwamba kila ombi ni hapana, hatakoma kusafiri, atakoma kukuambia.

Mfungulie simu, mwache aeleze, kisha mwekeeni kanuni moja isiyovunjwa. Kabla ya kila safari atume nyumbani ujumbe wenye mambo haya: majina kamili ya anaosafiri nao na nambari ya simu ya wawili kati yao, nambari ya ndege au treni, anwani ya kila mahali atakapolala pamoja na tarehe, kampuni ya bima na nambari ya hati ya bima, na picha ya ukurasa wa pasipoti wenye jina lake. Ujumbe huo huandikwa kwa dakika kumi. Nimewahi kuzungumza na familia iliyopigiwa simu na hospitali ya ugenini usiku wa manane. Hapakuwa na hata mmoja nyumbani aliyejua mtoto alikuwa nchi gani, sembuse bima yake, na hadi asubuhi walikuwa bado wanatafuta jina la mwenzake wa chumba.

Mwanao naye ajue kwamba katika nchi zote za Umoja wa Ulaya nambari ya dharura ni 112, na haitozwi.

Nalipa pauni 776 kila mwaka kwa ajili ya matibabu ya serikali hapa Uingereza. Kwa nini ninunue bima tena nikienda Uhispania? (Mwanafunzi, Coventry)

Kwa sababu malipo hayo yanakupa matibabu ndani ya Uingereza, si kwingineko. Tena bila bima hutapata viza ya Uhispania, kwa hivyo hoja yako haina pa kusimama.

Viza yangu ya Marekani imekwisha muda, ila chuoni niko sawa na hati zangu nyingine zi hai. Wenzangu wanasema kuna kanuni ya siku 30 inayoniruhusu kwenda Canada au Mexico na kurudi. Ni kweli? (Mwanafunzi, Ohio)

Ni kweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo itakayokuumiza. Marekani ina kanuni inayomruhusu mwanafunzi mwenye viza iliyokwisha kwenda Canada au Mexico kwa siku zisizozidi 30 na kurudi bila viza mpya, mradi rekodi yake ya kuingia ingali hai, fomu yake ya I-20 (hati ya chuo inayothibitisha kwamba ni mwanafunzi wake) imetiwa saini ya safari na ofisa wa chuo, na hajaomba viza mpya akiwa huko. Lakini kanuni hiyo inahusu kurudi Marekani tu. Mkenya huhitaji viza kuingia Canada. Mexico humpokea bila viza yake mtu mwenye viza ya Marekani iliyo hai, na yako imekufa. Wenzako wanaokushauri wana pasipoti gani? Hilo ndilo ulilopaswa kuwauliza kwanza.

Ushauri wangu ni kwamba usitoke Marekani likizo hii. Tangu Septemba 2025 waombaji wa viza za muda wanatakiwa kuomba katika nchi yao ya uraia au wanakoishi, maana yake ni kwamba ukikwama nje utarejea Nairobi kusubiri miadi, huku muhula ukiendelea bila wewe. Ikiwa unachokitamani ni bahari, kisiwa cha Puerto Rico ni sehemu ya Marekani na hakuhitaji viza nyingine. Hata hivyo, beba pasipoti na I-20.

Nasoma shahada ya uzamili London. Masomo ya darasani yanakwisha Juni, basi nataka kuzunguka Ulaya hadi Septemba. (Mwanafunzi, mwenyeji wa Likoni)

Kwa wanafunzi wengi wa uzamili miezi hiyo si likizo, ni muda wa kuandika tasnifu, na chuo kina wajibu wa kuripoti mwanafunzi asiyeonekana. Pata ruhusa ya chuo kwa maandishi. Safari ya wiki mbili huenda ikawezekana, lakini miezi mitatu ni kuhatarisha viza na shahada kwa pamoja.

Mtu akipoteza pasipoti katikati ya safari afanye nini? (Mzazi, Changamwe)

Aende polisi siku hiyo hiyo na aondoke na karatasi ya ripoti, kisha awasiliane na ubalozi wa Kenya ulio karibu. Tunazo balozi Paris, Berlin, Roma, The Hague, Vienna na Madrid, lakini si kila mji mkuu una ubalozi wetu. Hati ya dharura ya kusafiria hutolewa hasa kwa ajili ya kurudi nyumbani Kenya, kwa hivyo asiitarajie imrudishe chuoni. Walioko Uingereza wakumbuke kwamba kadi za kibali zilikoma mwisho wa 2024 na kibali sasa kimo katika akaunti ya kielektroniki. Ukipata pasipoti mpya, ingiza nambari yake katika akaunti hiyo kabla ya kusafiri, la sivyo shirika la ndege halitaona kibali chochote.

Mwaka huu mimi ndiye mwenyeji. Rafiki zangu wawili, Mjerumani na Mhispania, wanakuja nami Mombasa, kisha tutapita Lunga Lunga hadi Tanga na Zanzibar. Wao wana hati zao. Mimi si natumia kitambulisho tu? (Mwanafunzi, mwenyeji wa Majengo)

Nakupongeza kwa kuwaleta wenzako nyumbani, lakini kitambulisho hakitakuvusha Horohoro, upande wa Tanzania wa mpaka huo. Uganda na Rwanda humpokea Mkenya kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo. Chukua pasipoti. Viza hulipii, ilhali wenzako watalipa dola 50 kila mmoja kuingia Tanzania, na kabla ya hapo wanahitaji idhini ya kielektroniki ya Kenya, ambayo tangu Januari 2024 imechukua nafasi ya viza. Watazame vizuri kama idhini yao inawaruhusu kuingia Kenya mara ya pili, maana ndege yao ya kurudi inatoka Mombasa.

Nyote watatu mtaulizwa cheti cha homa ya manjano kwa sababu mnatoka Kenya. Chanjo huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kuchomwa, na cheti ni cha maisha. Kichukueni katika kituo kilichoidhinishwa, na anayewauzia kadi iliyokwisha kugongwa muhuri bila sindano mkimbieni, kwa kuwa anawauzia ugonjwa na kesi. Mjerumani na Mhispania wachanjwe huko huko kwao kabla ya kuja. Wewe, ikiwa huna, nenda wiki ya kwanza utakayofika, na safari ya Tanga isogezwe hadi siku kumi zitimie.