Korutini kwenye chipu yenye baiti 2,048

Natengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga kwa Arduino Uno. Programu ikiwa ndani ya delay(), ile amri ya kusubiri, kitufe hakifanyi kazi na joto halisomwi. Nimeambiwa nitumie korutini. Ni nini hasa?

Ni fankisheni inayoweza kusimama katikati, ikawaachia wengine nafasi, na ikiitwa tena ikaendelea palepale ilipoishia. Jina hilo alilitunga Melvin Conway mwaka 1958. Kwako, korutini ya kugeuza mayai inaangalia kama muda umetimia. Kama bado, inatoka hapohapo. Ya joto inasoma kihisi, ya kitufe inaangalia kitufe, kisha mzunguko unaanza upya.

Kwa nini nisiweke FreeRTOS tu, ule mfumo mdogo wa kuendesha kazi nyingi kwa zamu?

Piga hesabu kwanza. ATmega328P iliyo kwenye Uno ina RAM ya baiti 2,048, na kila kazi ya FreeRTOS inadai staki yake, yaani kumbukumbu ya vigeu vya ndani vya fankisheni zinazoendelea. Kazi sita za baiti 200 kila moja zimeshakula 1,200. Protothreads, korutini nyepesi za lugha ya C za Adam Dunkels wa Sweden, hutumia baiti 2 kwa kila uzi (yaani kila kazi), kwa sababu nyuzi zote zinagawana staki moja. Kinachokumbukwa ni namba ya mstari.

Ninatumia Protothreads, lakini kihesabu changu kinaleta namba za ajabu kila baada ya kusubiri.

Pole, hili liliwahi kunitesa wikiendi nzima. Nilikuwa na pampu ya tangi ya kuzimwa baada ya sekunde 30. Ndani ya fankisheni niliandika hivi, ili kukumbuka muda wa kuanza kwa milisekunde:

`uint32_t mwanzo = millis();`

Mstari uliofuata ulikuwa wa kusubiri. Pampu haikuzima kwa wakati, maji yakafurika hadi uani. Protothread ikisubiri, ukweli ni kwamba fankisheni imerudi kwa aliyeiita, na vigeu vyake vya ndani vimepotea na staki. Namba ya mstari inabaki, `mwanzo` haibaki. Ukiweka `static` mbele yake, kigeu kinadumu nje ya staki na tatizo linaisha, mradi pampu ni moja. Zikiwa mbili zitagombania kigeu kimoja, kwa hiyo mimi hukiweka kwenye struct (kifurushi cha vigeu) ya kila pampu, pamoja na hali ya uzi wake. Na usisubiri ndani ya `switch` yako mwenyewe: Protothreads za kawaida zimejengwa kwa `switch`, na `case` zake zitaingia ndani ya yako.

Korutini za C++20 je?

Kwa kawaida fremu yake, yaani nafasi ya vigeu inavyokumbuka, huombwa kwenye hipu, kumbukumbu inayogawiwa programu ikiwa inaendelea. Kompaila inaweza kuliondoa ombi hilo, lakini usijengee juu ya "inaweza". Andika `operator new` yako ndani ya `promise_type` (aina inayoiongoza korutini), ichukue nafasi kwenye safu tuli, iliyotengwa tangu mwanzo, na uweke pia `get_return_object_on_allocation_failure` kwa ajili ya nafasi ikikosekana. Usumbufu ni kwamba huwezi kuuliza ukubwa wa fremu kwa `sizeof`. Kwenye lugha ya Rust ukubwa huo unajulikana wakati wa kukompaili, na Embassy, mfumo wake wa kuendesha kazi kwenye chipu ndogo, huziweka kazi kwenye kumbukumbu tuli. Kwa chipu za Cortex-M (za ARM, za biti 32), mimi ningeanzia huko.

Malloc, ile amri ya C ya kuomba nafasi kwenye hipu, ina ubaya gani hasa?

Mayai ya kuku hukaa siku 21, na mashine haizimwi. Hipu inayochukuliwa na kurudishwa vipandevipande huishia na mapengo, na siku ya 19 ombi la baiti 64 linaweza kukataliwa ilhali zipo 200, zimetawanyika. Ukitenga kila kitu tuli, Arduino IDE inakuonyesha vigeu vyako vimechukua RAM kiasi gani kabla hujapakia programu. Bakiza baiti mia chache kwa ajili ya staki, maana hiyo haimo kwenye hesabu yake.