Picha ya mitetemo imeonyesha mwamba mita 4, bado nitoboe?

Swali: Tumepima kiwanja kwa nyundo na jiofoni 24 (vifaa vya kuhisi mtikisiko wa ardhi), moja kila mita 1. Picha ina rangi nyekundu kuanzia mita 4 kwenda chini hadi 20, kasi ya mawimbi mita 1600 kwa sekunde. Mtaalamu kasema huo ni mwamba, tusihangaike kutoboa mashimo ya kukagua udongo. Ni kweli?

Jibu: Toboa ndugu yangu. Hiyo 1600 naletewa kila mara na kila mara inaitwa mwamba, wakati mawimbi P (yale ya kusukuma na kubana, yanayofika kwanza) kwenye maji tu yanakimbia kama mita 1500 kwa sekunde, kwa hiyo mchanga uliolowa chepechepe nao unakupa hapo hapo. Uwezekano mkubwa alichokipata ni usawa wa maji. Muulize kasi ya mawimbi S (yale ya kutikisa ubavuni), manake hayo maji hayayabebi, ikitoka 200 basi ule ni udongo tu, mwamba wa maana unaanza kama 760 huko.

Alafu hiyo mita 20 kaitoa wapi? Laini yako yote ni mita 23, na kwa njia hii unaona chini kama robo ya urefu wa laini au pungufu, yaani mita 5 hivi. Zilizobaki programu imejijazia rangi yenyewe, na watu wanakata sehemu ambayo mawimbi hayakupita? Hawakati, picha itaonekana fupi mteja akalalamika.

Kinachonichosha ni huu ugonjwa wa kudhani ile ni picha kama ya kamera. Ardhi haijapigwa picha jamani! Kilichopimwa ni muda, milisekunde ngapi tangu nyundo igonge bamba mpaka jiofoni ishtuke, basi, hayo mengine ni kompyuta inatafuta ardhi ambayo ingetoa muda kama huo, na ardhi za namna hiyo zipo nyingi. Kwa hiyo mtu akikwambia "kosa ni asilimia 2", yaani muda wa kompyuta na ule uliopimwa vinakaribiana, hajakuthibitishia kitu. Na tabaka laini likijificha chini ya gumu ndo kabisa, mawimbi yanapindia chini badala ya kurudi juu, udongo mbovu unakuwa haupo kwenye ripoti ila kwenye kiwanja upo.

Niliwahi kuletewa ripoti moja yenye rangi nzuri kweli, nikaomba rekodi ghafi. Jiofoni za mbali zote zilikuwa zinacheza hata kabla ya nyundo kugonga, upepo ulikuwa unatikisa miti, jamaa kabonyeza kitufe cha kuchagua mwanzo wa wimbi kiotomatiki akaenda zake. Hata kurudia kugonga mara 10 pale pale ili kelele zijifute aliona uvivu.

Kwa hiyo omba rekodi ghafi na zile nyakati alizochagua. Akikwambia hana, ameshafuta, usimmalizie hela yake. Shimo la kwanza litoboe pale nyekundu inapopanda juu zaidi.